Mistari myeusi kwenye pakiti: unaponunua namba, unanunua nini?

Wiki hii ukurasa wa soko unaziweka kando bei za mahindi, mchele na saruji ili kuzungumzia kitu ambacho kila mfanyabiashara hukigusa kila siku, lakini wachache wamewahi kukichunguza. Nacho ni ile alama ya mistari myeusi na myeupe iliyochapwa kwenye pakiti ya sabuni, kopo la maziwa na mfuko wa unga. Mitaani huitwa bakodi. Kiswahili cha maofisini huiita msimbomilia.

Sababu ya kuizungumzia ni kwamba alama hii sasa imekuwa mlango wa soko. Msindikaji mdogo wa asali, karanga au viungo akipeleka bidhaa zake supamaketi, miongoni mwa maswali ya kwanza atakayoulizwa ni kama zina bakodi. Akijibu hazina, anarudi nyumbani na maboksi yake. Hapo ndipo anapojitokeza mtu wa kumuuzia namba kwa bei ya chee, na hapo ndipo fedha za wengi huanza kupotea. Anayejua alama hii inabeba nini hadanganyiki kwa urahisi.

Bei haimo, asili haimo

Jambo la kwanza ni kwamba ndani ya mistari hiyo hamna bei. Hamna pia jina la bidhaa, tarehe ya kuharibika wala ubora. Kilichomo ni namba moja tu, ambayo katika nchi nyingi duniani ina tarakimu 13. Bei inakaa kwenye kompyuta ya duka. Mashine ikishaisoma namba, kompyuta hufungua daftari lake na kuona kwamba namba hii ni sabuni ya aina fulani na leo inauzwa shilingi kadhaa.

Kwa utaratibu huo, mwenye duka anaweza kubadili bei asubuhi bila kugusa hata pakiti moja. Na ndiyo maana mteja wakati mwingine huona bei moja kwenye rafu na nyingine kwenye risiti: mtu amebadili kwenye kompyuta akasahau kubadili kibandiko cha rafuni, au kinyume chake. Mwenye duka anayefunga mitambo hii anapaswa kulijua hilo mapema, kwa sababu mteja akigundua tofauti mara mbili, harudi mara ya tatu.

Tarakimu hizo 13 zimegawanywa. Za mwanzo huonyesha nchi ambako namba ilisajiliwa, zinazofuata ni za kampuni, zinafuata za bidhaa yenyewe, na ya mwisho kabisa ni ya kuhakiki. Tanzania ina 620, Kenya 616, Afrika Kusini 600 na 601, na China ina 690 hadi 699.

Hapa ndipo penye kosa linalorudiwa sana sokoni. Watu husema ukiona 690 bidhaa imetengenezwa China, na ukiona 620 imetengenezwa Tanzania. Si kweli. Tarakimu hizo zinaonyesha tu ofisi ambako kampuni ilijiandikisha. Kampuni iliyojiandikisha Dar es Salaam inaweza kufungasha mchele ulioagizwa kutoka ng'ambo, na namba yake itaanza na 620. Kampuni iliyojiandikisha Nairobi inaweza kuwa na kiwanda Arusha, na bidhaa zake zikabeba 616. Kwa hiyo anayetaka kujua bidhaa imetoka wapi asome maandishi ya lebo, na mwekezaji anayeambiwa kwamba mali ni ya nyumbani kwa sababu tu ya 620 aombe ushahidi mwingine.

Kuna namba nyingine ambazo hazina nchi kabisa. Vitabu huanza na 978 au 979, popote vilipochapwa. Na lebo ambazo duka lenyewe hutoa kwenye mizani yake, kwa ajili ya nyama, samaki au matunda ya kupimwa, kwa kawaida huanza na 2. Hizo zina maana ndani ya duka hilo tu, na katika lebo za namna hiyo bei au uzito unaweza kuwekwa ndani ya namba.

Tarakimu ya mwisho ni mlinzi

Kila mfanyabiashara anaweza kuikagua namba kwa kalamu na karatasi. Chukua mfano wa 620123456789, namba tuliyoitunga kwa ajili ya somo hili tu. Jumlisha tarakimu za nafasi ya 1, ya 3, ya 5 na kuendelea hivyo: 6, 0, 2, 4, 6 na 8. Jumla ni 26. Kisha jumlisha za nafasi ya 2, ya 4, ya 6 na kuendelea: 2, 1, 3, 5, 7 na 9. Jumla ni 27. Zidisha kwa 3 upate 81. Ukijumlisha 26 na 81 unapata 107. Ili kufika kwenye kumi linalofuata, yaani 110, inapungua 3. Basi tarakimu ya kuhakiki ni 3, na namba kamili ni 6201234567893.

Faida yake inaonekana kwenye kaunta. Pakiti ikiwa imekunjamana na keshia akalazimika kuibonyeza namba kwa mkono, akikosea tarakimu moja mashine itakataa kila mara. Akizigeuza tarakimu mbili zilizo jirani, tuseme 6 na 7 katika mfano wetu, jumla itakuwa 105 badala ya 107, na mashine itakataa pia. Kosa la kugeuza linaloponyoka ni pale tarakimu mbili jirani zinapotofautiana kwa 5, kama 2 na 7.

Hata hivyo, mlinzi huyu ana upungufu mmoja ambao wanunuzi wa namba huusahau. Anajua kama namba imeandikwa sawasawa. Hajui ni ya nani. Mtu yeyote anaweza kutunga namba ikapita hesabu hii, na mashine ikalia vizuri kabisa. Mlio wa mashine si hati ya umiliki.

Mchoro uliochorwa mchangani

Historia ya alama hii ina somo kwa wawekezaji. Mwaka 1948, katika chuo cha Drexel huko Philadelphia, Marekani, mwanafunzi aliyeitwa Bernard Silver alimsikia mkuu wa kampuni ya maduka ya vyakula akiomba chuo kimtafutie njia ya kuzitambua bidhaa kaunta bila kuandika kwa mkono. Silver alimweleza rafiki yake, Norman Joseph Woodland. Woodland alikwenda kukaa Miami, na siku moja akiwa ufukweni alichora mchangani nukta na vistari vya alfabeti ya simu ya Morse, ambayo aliijua tangu utotoni. Akaivuta michoro hiyo kwa vidole kuelekea kwake, na nukta zikawa mistari myembamba, vistari vikawa mistari minene.

Wawili hao waliomba hataza mwaka 1949 na kuipata tarehe 7 Oktoba 1952. Mchoro waliouchagua ulikuwa wa duara, mfano wa shabaha ya mlenga mishale, ili usomeke kutoka upande wowote. Tatizo lilikuwa mashine ya kuusoma. Ya kwanza waliyotengeneza ilikuwa na ukubwa wa meza, na ilitumia balbu ya wati 500 yenye joto kali. Leza, ambayo ingeifanya kazi hiyo kwa wepesi, ilianza kuwaka mwaka 1960, na kompyuta za bei nafuu zilichelewa zaidi.

Mwaka 1962 waliiuza hataza yao kwa dola 15,000. Silver alifariki mwaka uliofuata. Hataza ilikwisha muda wake mwaka 1969, miaka mitano kabla ya duka lolote la vyakula kuuza bidhaa kwa mtindo tunaoujua leo. Wazo lilikuwa sahihi na fedha hazikuja, kwa sababu vifaa vya kulifanyia kazi havikuwapo bado.

Kwa nini duara lilishindwa

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wenye maduka na wenye viwanda vya vyakula vya Marekani waliunda kamati ya kuchagua alama moja kwa wote. Duara bado lilikuwa na watetezi wake, na lilijaribiwa katika duka moja la Cincinnati mwaka 1972. Lakini lilikuwa na ugonjwa wa kiwandani. Mashine ya kuchapa inapokwenda kasi, wino huvutika kidogo kuelekea upande ambao karatasi inakwenda. Kwenye duara, wino ukivutika mistari hugusana na alama haisomeki. George Laurer wa kampuni ya IBM alileta mistari iliyonyooka. Ikichapwa kwa kufuata mwendo wa karatasi, wino ukivutika mistari huongezeka urefu tu, na unene wake, ambao ndio unaosomwa, unabaki vilevile.

Tarehe 3 Aprili 1973 kamati iliuchagua mchoro wa IBM, ambako Woodland naye alikuwa akifanya kazi wakati huo. Tarehe 26 Juni 1974, katika duka la Marsh mjini Troy, jimbo la Ohio, pakiti ya chingamu za Wrigley ilipitishwa mbele ya mashine na kuuzwa kwa senti 67. Hiyo ndiyo bidhaa ya kwanza. Ulaya ilifuata mwaka 1977 kwa namba ya tarakimu 13, na pande hizo mbili baadaye ziliungana chini ya shirika ambalo tangu mwaka 2005 linaitwa GS1, lenye makao Brussels.

Nani aliyepata fedha?

Miaka ya mwanzo ilikuwa migumu. Wenye viwanda hawakutaka kubadili vifungashio kwa ajili ya maduka machache, na wenye maduka hawakutaka kununua mashine ghali kwa ajili ya bidhaa chache. Kila mmoja alimngoja mwenzake. Mwaka 1976 jarida la Business Week la Marekani lilifikia kuandika kwamba mashine hizo za supamaketi zimeshindwa.

Zilifaulu baadaye, na kilichozibeba kilizidi kasi ya keshia. Mwenye duka aligundua kwamba kwa mara ya kwanza anajua, bila kuhesabu mali kwa mkono, ni pakiti ngapi zimeuzwa, saa ngapi, na ipi imelala rafuni mwezi mzima. Zamani mwenye kiwanda ndiye aliyemwambia mwenye duka nini kinapendwa. Sasa mwenye duka ndiye aliyekuwa na hesabu, na mazungumzo ya bei yakageuka. Kampuni kama Wal-Mart zilijengeka juu ya hesabu za namna hiyo.

IBM haikutoza ada kwa mchoro wenyewe. Ilikuwa na mashine na kompyuta za kuuza. Kwa mwekezaji mdogo anayeletewa habari za teknolojia mpya, swali la kuuliza ni hili: katika jambo hili, kipi kitakuwa bure kwa watu wote, na kipi kitauzwa pembeni yake? Faida mara nyingi hukaa pembeni.

Kabla ya kulipia namba

Sasa turudi kwa msindikaji wetu. Utaratibu halali ni kujiandikisha na ofisi ya GS1 ya nchini. Tanzania na Kenya zote zinayo. Kabla Tanzania haijapata ya kwake, wasindikaji wake walilazimika kujiandikisha nchi nyingine, na ndiyo maana bidhaa ya Tanzania iliweza kubeba namba ya nje. Ukijiandikisha, namba inaingizwa kwenye daftari kwa jina la kampuni yako, na unaendelea kuitumia ukilipa ada yake. Uliza mapema ada ya kuanzia ni kiasi gani, ya kila mwaka ni kiasi gani, na umepewa nafasi ya bidhaa ngapi.

Kumbuka kwamba kila aina ya bidhaa inahitaji namba yake. Asali ya gramu 250 na ya gramu 500 ni namba mbili. Asali ya nyuki wadogo na ya nyuki wakubwa ni namba mbili nyingine. Mwenye bidhaa tano katika vipimo vitatu anahitaji namba 15. Wengi hununua moja wakadhani wamemaliza.

Muuzaji wa namba za mkononi ana mbinu mbili. Ya kwanza ni kutunga namba kwa hesabu tuliyoionyesha. Ya pili ni kukuuzia kipande cha namba ambazo kampuni nyingine ilisajili. Zote mbili zitalia kaunta. Taabu huja baadaye: supamaketi inakuta namba yako tayari imo kwenye kompyuta yake kwa jina la bidhaa nyingine, au duka kubwa la mtandaoni kama Amazon linailinganisha na daftari la GS1 na kukuta jina si lako. Wakati huo lebo 5,000 zimekwisha kuchapwa. Fedha ulizookoa kwenye namba unazipoteza kwenye karatasi, na nafasi yako ya rafuni inachukuliwa na mwingine. GS1 ina huduma ya kutafuta mwenye namba kwenye intaneti, na kuangalia huchukua dakika chache.

Kabla ya kuchapa lebo

Namba halali pia hushindwa ikichapwa vibaya. Mpe mchapaji masharti haya kwa maandishi.

Kwanza rangi. Mashine nyingi husoma kwa mwanga mwekundu, na kwa mwanga huo rangi nyekundu huonekana kama nyeupe. Mistari myekundu juu ya karatasi nyeupe inapotea kabisa. Tumia nyeusi, bluu iliyoiva au kijani kilichoiva juu ya nyeupe. Usichape juu ya plastiki inayopitisha mwanga bila kuweka kwanza rangi nyeupe chini yake.

Pili ukubwa. Kipimo cha kawaida cha alama ya tarakimu 13, pamoja na nafasi zake za pembeni, ni milimita 37.29 kwa 25.93. Kiwango kinaruhusu kuipunguza hadi asilimia 80 na kuikuza hadi asilimia 200.

Tatu nafasi ya pembeni. Kushoto na kulia kwa mistari lazima kuwe na eneo tupu, takriban milimita 3.6 kushoto na 2.3 kulia katika kipimo cha kawaida. Wachora lebo hupenda kulijaza eneo hilo kwa maua na mapambo, na mashine hushindwa kujua mistari inaanzia wapi.

Nne mahali. Usiiweke kwenye mkunjo, kwenye mshono wala pembeni kabisa. Kwenye chupa nyembamba, ilaze ili mistari ionekane kama vipago vya ngazi, isipotee nyuma ya mviringo. Kisha chapa lebo chache, nenda nazo kwenye duka lenye mashine, uombe zisomwe. Zikisoma, ndipo uagize 5,000.

Mraba kutoka Japani

Alama nyingine inayoenea kwenye vibanda na maduka ya rejareja ni ule mraba wa vidoti, unaoitwa QR. Ulitoka mwaka 1994 kwa Masahiro Hara na mwenzake wa Denso, kampuni ya vipuri vya magari ya Japani. Bakodi ya kawaida ilikuwa inabeba habari kidogo mno kwa maboksi ya vipuri. Hara alipata wazo kwenye mchezo wa bao uitwao Go, wenye kete nyeusi na nyeupe. Mraba mmoja unaweza kubeba hadi tarakimu 7,089, na ukichapwa kwa kiwango cha juu cha kujirekebisha husomeka hata asilimia 30 yake ikiharibika. Miraba mitatu ya pembeni ndiyo inayoiambia mashine alama iko wapi na imeelekea upande gani. Denso nayo ilishika hataza bila kuwatoza watumiaji, ikauza mashine.

Benki Kuu ya Tanzania imeweka kiwango cha malipo kiitwacho TANQR, na ya Kenya ilitoa cha kwake mwaka 2023, ili mraba mmoja upokee fedha kutoka benki na mitandao mbalimbali. Nayo GS1 imeweka lengo kwamba kufikia mwisho wa mwaka 2027 kaunta za maduka duniani ziweze kusoma alama za mraba pamoja na mistari. Mwenye duka anayenunua mashine mwaka huu aulize kama inasoma zote mbili.

Tahadhari ya bakodi inahusu mraba pia. Jicho la binadamu haliwezi kuusoma, kwa hiyo mtu akibandika mraba wake juu ya wako kibandani, wateja watalipa, simu zao zitaonyesha malipo yamekwenda, na wewe hutapata hata senti. Kila asubuhi ukifungua, upitishie kidole uone kama kuna karatasi juu ya karatasi. Mwambie mteja asome jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuweka namba ya siri. Na usimkabidhi mzigo mpaka ujumbe wa malipo umefika kwenye simu yako.